Jino Namba Saba

Jumatatu, 3 Juni
Magego kumi na mawili, yote niliyang'oa mwenyewe na wagonjwa wakaridhia kuniachia. Nimeyatoboa. Sita nimeziba kwa dawa nyeupe ya siku zote, sita kwa mpya tuliyoletewa kujaribu. Kung'arisha hadi jioni. Kisha ncha ya sindano ukingoni: ikinasa, dawa haikukaa sawa. Namba saba, yenye dawa mpya, haikunasa popote. Nimejisifu, maana hakuna wa kunisifu.

Jumanne, 4 Juni
Nimeyachovya yote maji ya moto, maji ya baridi, zamu kwa zamu, saa nne hadi saa saba. Vidole vimekufa ganzi. Baridi ya Sumbawanga nayo haina huruma.

Alhamisi, 6 Juni
Kaja Bibi Felista wa Mwimbi. Nilimng'oa gego wiki jana, akaondoka nalo kwenye pamba. Wengi huku hufukia jino wenyewe, lisiangukie mikono mibaya. Leo kairudisha pamba.

"Mwanangu, hili si langu. Langu lina ufa."

Halafu kasema juzi, tangu saa nne hadi saa saba, pengo lilikuwa likiungua na kuganda, likiungua na kuganda.

Nimemwambia ni kidonda tu. Muongo mkubwa mimi. Nimeogopa.

Ijumaa, 7 Juni
Namba saba ina ufa. Siku ile niling'oa wawili mfululizo, mwingine akaniachia lake. Nikachanganya pamba. Uzembe mtupu.

Kesho ni kuyatia wino na kuyakata yote, nione umepenya wapi kando ya dawa. Bila namba saba ripoti ya dawa mpya itapwaya, na mkubwa wangu anaitaka Jumatatu.

Mimi si mshirikina. Nimelichovya kwenye maji ya baridi mara tatu, basi. Sijafuta mikono, simu. Binti yake Bibi. Mama kashtuka kwa baridi mdomoni, mara tatu, je, ni kawaida?

Nimelikausha upesi, nikalifunga kwenye pamba.

Jumapili, 9 Juni
Jana nilikata kumi na moja. Leo baada ya misa nimelipeleka jino la Bibi hadi kwake Mwimbi, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Kapitisha ukucha kwenye dawa, hakupata inapoishia.

Kalifukia nyuma ya nyumba, kando ya shamba la ulezi. Alipomaliza kushindilia kafumba mdomo, kalipapasa pengo kwa ulimi. Nikamuuliza anasikia nini.

"Udongo," kasema.