Kutajwa kwa Mwanvua

Liège, 14 Februari 1979

Baba mpenzi,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe, na mama hajambo? Mimi mzima, ila baridi ya huku inanitafuna. Kikohozi chako kimepoa?

Baba, nina furaha mpaka nacheka peke yangu. Ile kazi yangu ya radio niliyoiandika mwaka juzi sasa inatajwa kila mahali. Wamenitaja Lyon, wamenitaja Montréal, hata Wajapani wamenitaja. Profesa wangu anasema huku mtu hupimwa hivyo: wangapi wanakutaja. Mwezi wa nane nina likizo, nakuja nyumbani. Miaka sita bila kuwaona imetosha.

Mtoto wako,
Mwanvua

Kindu, 30 Machi 1979

Binti yangu Mwanvua,

Waaleikum salaam. Sisi wazima, kikohozi ni kile kile cha uzee. Mama yako anauliza kama huko unapata wali.

Barua yako ilinifurahisha, kisha ikaninyima usingizi. Kila saa ya habari nilikwenda dukani kwa Sikuli, yule wa Butembo anayeuza sabuni, nikatega sikio kwenye radio yake nisikie jina lako. Nikasikia majina ya wakubwa tu: huyu ameteuliwa, yule ameondolewa, mwingine anatafutwa. Sikuli akaniambia, "Mwalimu, muntu akitajwa mu radio, njo vile: anapanda ao anaanguka. Mutoto yako iko upande gani?" Juzi mtu wa chama wa mtaani naye akauliza nangoja jina la nani.

Mwanangu, umefanya nini huko hata wageni wakutaje? Usije mwezi wa nane. Afadhali nikukose kuliko wakukamate ukishuka kwenye ndege. Naandika haya nikilia.

Baba yako

Liège, 20 Aprili 1979

Baba yangu,

Asalaam aleikum. Mwambie mama wali naupata, ila si kama wake.

Nilisoma barua yako nikacheka, halafu machozi yakanitoka. Radio ninayoisema ni picha ya ndani ya mwili, ile inayoonyesha mifupa na mapafu; kwa Kifaransa ndivyo wanavyoiita. Hakuna aliyenitangaza popote. Kutajwa kwenyewe ni kama kule kwenye chuo chako cha Kurani: mtu akileta hadithi ya Mtume, humkubalii mpaka aseme ameipokea kwa nani, na huyo kwa nani. Basi madaktari wa Lyon na Montréal wakiandika, husema: hili tumelipokea kwa Mwanvua. Ni hivyo tu.

Nijibu upesi. Sinunui tiketi bila neno lako.

Mtoto wako,
Mwanvua

Liège, 9 Septemba 1979

Baba yangu,

Salamu kwako na kwa mama. Naomba muwe wazima, maana sijui.

Likizo imepita na hukujibu. Sikukasirika, niliumia tu. Nakutumia jarida lenye kazi yangu mpya, juu ya madoa madogo ya mapafuni. Mwambie Sikuli akusomee Kifaransa cha ukurasa wa mwisho.

Mtoto wako,
Mwanvua

Kindu, 16 Novemba 1979

Binti yangu Mwanvua,

Waaleikum salaam. Mama yako mzima, anakusalimu sana.

Nilinyamaza kwa woga. Barua yako ya Aprili ilifika imefunguliwa na kugundishwa tena, nikaogopa kukuponza. Unisamehe.

Sikuli amenisomea. Alitaja maprofesa unaowashukuru mmoja mmoja, nikawa nasinzia, mara akasema: "na Bulaimu, mwalimu wa chuo, Kindu, aliyenifundisha kwamba nukta moja hugeuza neno." Nikamwambia arudie. Akarudia mpaka wateja wakalalamika.

Utotoni ulikuwa unakosea nukta za herufi za Kiarabu, ba inakuwa ta, nami nakurudisha mwanzo wa mstari huku umenuna. Nilidhani unaninunia mpaka leo. Kumbe unatafuta nukta zile zile mapafuni mwa watu!

Mtu wa chama alikuja tena. Nikamwonyesha jina langu. Akalitazama sana, kisha akanong'ona, "Citoyen, raia mwenzangu, na jina yangu inaweza kuingia mule?" Tulicheka, mama yako na mimi, mpaka kikohozi kikanishika.

Hakijapoa, mwanangu. Kutajwa nimetajwa, kunatosha. Haya mapafu yangu sitaki ayatazame mtu mwingine. Nunua tiketi.

Baba yako