Ile Sauti ya Mwisho Haikuwa Yako

Mwalimu Gao,

Shikamoo. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, maana Kichina changu cha chuoni kingenifanya niwe mpole kuliko ninavyojisikia.

Tangu uondoke, chumba chako cha kazi hapa Kilburn, London, juu ya duka la mapazia, kimechukuliwa na kinyozi. Binti yako Lan alipeleka majivu yako kwenu, kwenye mji wa makaa ya mawe ulikozaliwa. Mke wangu Neema bado ni muuguzi wodini, mimi bado naendesha basi, na mwanangu nikimsemesha Kiswahili bado ananijibu Kiingereza. Lakini si hayo yaliyonikalisha hapa. Ni Feng.

Unajua sikuwahi kumpenda. Ulisema mlikulia pamoja shule ya maigizo, mkilala kitanda kimoja utotoni, na kwamba ndiye mtayarishaji pekee anayeweza kukwambia usoni kuwa filamu yako ni mbaya. Mimi nilimwona mtu wa kufunga milango polepole. Na miezi yako ya mwisho ndiyo iliyonivuruga. Mimi msaidizi wako katika kila filamu uliyoitengeneza huku, ghafla naambiwa umechoka, nisije. Nikipiga simu, anapokea Feng. Nikija, Feng anasimama mlangoni, anasema umelala. Siku moja nikamuuliza, mbona televisheni inaongea humo ndani? Akasema umelala nayo. Wewe, uliyekuwa ukizima hata jokofu ili uweze kufikiri!

Ulipofariki, akaichukua filamu yako ya mwisho nzima, na vipande nilivyopiga kwa mkono wangu. Nikawa najiuliza mtu huyu anaficha nini.

Mimi nilikujua kabla hatujaonana, Mwalimu. Nilikuwa mwanafunzi Beijing, nikipata kibarua cha kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia, nikapewa kukusemea wewe. Kabla ya hapo ulikuwa ukiigiza maaskari wanaokufa mapema. Sasa ulikuwa baba mkali mwenye duka la baiskeli, na mama yangu kule Morogoro alikuwa akikugombeza kila jioni kwenye televisheni, bila kukumbuka kwamba anamgombeza mwanawe. Ukasikia kuna Mwafrika anayekusemea. Ukaja studio, ukasimama nyuma ya kioo hadi nikamaliza, kisha ukaniambia, “Unavuta pumzi pale ninapovuta mimi.” Sijawahi kusifiwa vile tena.

Halafu ukaacha kuigiza, wakati watu ndio kwanza wanakutaka. Ulisema umechoka kulia mahali ambapo mwongozaji amekuwekea alama sakafuni. Ukawa mwongozaji mwenyewe. Filamu ya kwanza haikupata watazamaji. Ya pili ilikupa heshima. Ukamfuata Lan London, mimi nilikuwa nimeshamfuata Neema, tukaanza tena. Unamkumbuka yule fundi cherehani wa Southall, Mpunjabi mzaliwa wa Kisumu? Mimi na yeye tulipiga soga kwa Kiswahili mchana kutwa, wewe huelewi neno, na ukakataa kuzima kamera. Ulisema nyuso zetu zinatosha.

Sasa nikwambie kilichotokea.

Filamu yako ya mwisho ilionyeshwa mwezi uliopita. Ulirudi kuigiza kwa ajili yake: mzee mpweke kwenye fleti ya Kilburn. Lile tukio la mwisho, ambapo anakaa dirishani na kuzungumza na marehemu mkewe kwenye simu iliyozimwa, tulilipiga wawili tu, kamera ikiwa nyuma ya kichwa chako. Ulisema maneno utayaingiza baadaye.

Taa zikazimwa, nikasikia maneno hayo. Lan alikuwa pembeni yangu akilia. Mimi nilisikiliza pumzi. Ilifanana na sauti yako, ila pumzi haikuwa mahali pake. Hukuwa wewe. Nikajua, au nilidhani najua: Feng ameyatunga mwenyewe, ameyatia kwenye mashine za siku hizi zinazoiga sauti, na amekulisha maneno ukiwa umekufa. Na ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi.

Nilimfuata Wanjiru, yule Mkenya aliyeihariri. Akakwepa macho yangu. “Salimu, achana na hiyo maneno,” akasema. “Muulize Feng.” Hapo shaka yangu ikawa kubwa zaidi.

Wiki hiyohiyo Feng akanipigia, akitaka niifanyie filamu sauti za Kiswahili. Nikakubali tukutane mkahawani. Nilikwenda kumuumbua. Hata chai sikuagiza. Nikamwambia, “Ile sauti ya mwisho si ya Gao. Ni ya nani?”

Aliweka kikombe chini. Kisha akafungua mdomo, na ikatoka ileile sauti ya kwenye filamu: “Nimeiacha taa ya ngazi ikiwaka, usijikwae.”

Mwalimu, nikamwomba anieleze.

Akanieleza kwamba ugonjwa ulikuwa kooni, na madaktari walipokata walikata na sauti. Ile televisheni niliyoisikia ilikuwa tamthilia yako ya zamani. Feng alikuwa anajifunza kusema kama wewe. Maneno yalikuwa yako. Ulikaa mbele yake ukimsahihisha kwa kugonga kidole mezani, mpaka ukaridhika. Nikamuuliza kwa nini mimi nilifungiwa nje. Akajibu, “Alisema wewe ndiye uliyebaki na sauti yake nzima. Hakutaka usikie ilivyokwisha.”

Sikumwamini. Nilitoka nje nikampigia Lan palepale kando ya barabara. Akasema ni kweli, na kwamba ndiyo maana alilia vile.

Basi Feng nimemsamehe. Nikarudi ndani, tukaagiza chai. Lakini shaka haijaisha, imehama tu, imekuja kwako. Nashuku hukunificha kwa ajili yangu. Nashuku uliogopa mimi nikae mbele yako nikisema, na wewe huwezi. Uliogopa uso wako ungesema nini. Mimi ningeuvumilia uso huo, Mwalimu. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hukuniuliza.

Jumapili Feng alikuja kula kwetu. Anakula pilau polepole kama mtu anayesoma. Tulibishana kuhusu filamu yako hadi Neema akatuhamishia jikoni. Hataki jina lake liandikwe popote. Anasema ile sauti ni yako na iachwe iwe yako. Nimemkatalia. Kazi ya Kiswahili tunaianza wiki ijayo, na nakuahidi kwamba mwishoni mwake, chini ya jina lako, litaandikwa jina la Feng, na kwamba ndiye aliyekusemea uliposhindwa. Kama litakukasirisha, nikasirikie mimi.

Lala salama, Mwalimu.

Salimu wako