Mnong'ono wa Babu Yako Uwanjani

Nkoaranga

Mjukuu wangu Elifuraha, mume wangu mdogo,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi wazima. Kahawa imechanua, na ng'ombe wako amezaa ndama jike.

Unauliza kwa nini siku ya mazishi niliuinamia uso wa babu yako muda mrefu vile, mpaka watu wakaanza kukohoa.

Wakati wa Mjerumani, babu yako alikuwa akipigana mieleka ya kulipwa, soko hadi soko, kuuzunguka mlima huu. Mimi nilikuwa mke mpya, sijui lolote. Siku ya kwanza kwenda kumtazama, pale Arusha, ukungu ulikuwa umeshuka, watu wanaonekana kama wanaelea. Jitu moja kutoka Kimandolu likambeba babu yako juu, likambwaga chini, pu! Hakujitikisa. Nikajua nimeshakuwa mjane. Nikaingia uwanjani napiga mayowe, nikalichapa lile jitu kwa kibuyu changu cha maziwa, kisha nikamwinamia mume wangu.

Akaninong'oneza, macho amefumba: "Sijaumia. Tulipatana leo nianguke mimi. Lakini usinyamaze, mke wangu, endelea kulia."

Basi nililia! Nililia mpaka wanawake wa sokoni wakalia nami, na moyoni nacheka. Tangu hapo, kila alipoangushwa niliingia, nikamwinamia, akaninong'oneza kuwa hajaumia.

Siku ile ya mazishi pia niliinama, nikasubiri. Alinyamaza. Basi nikaendelea kulia.

Ni mimi bibi yako, hapa Nkoaranga.