Udongo Haujafa, Baba Mutheu

Naivasha

Kwako Baba Mutheu,

Pokea salamu zangu. Habari yako, na Mutheu na kile kikohozi chake? Mimi mwili uko sawa. Roho usiniulize, utasoma.

Barua yako nimeipata. Unasema shamba la chini udongo umekufa, mahindi hayakuota, na kuna mtu wa Tala anataka kulinunua. Umeandika kama mtu aliyeonewa na Mungu. Lakini Kavata, mwenzangu wa kazi, amerudi kutoka likizo huko kwetu, na mama yako amemtuma kwangu na maneno yote.

Ile mbolea ya boma, Baba Mutheu. Nilikusanya mavi ya mbuzi, majivu na majani tangu Mutheu akinyonya. Nilikuwa naigeuza na jembe, nafunika na udongo isichomwe na jua. Ilikuwa ya hilo shamba la chini. Wewe ukaita lori la watu wa kahawa wa Kangundo, likazoa yote, ukanunua redio. Haya basi, redio ikutabirie mvua.

Halafu, kuficha aibu, ukachukua ile mbolea ya dukani niliyokutumia, ya kuwekea mahindi yakifika magotini, ukaimwaga kwa mashimo pamoja na mbegu. Tena kwa udongo mkavu, vile sisi hupanda kabla mvua haijafika. Mama alikukataza. Mbolea ya boma inakaa na mbegu zikingoja mvua pamoja. Ile ya dukani inaichoma. Mvua ikarasharasha kidogo tu, mbegu zikaungua. Udongo haujafa. Mbegu ndizo ulizozichoma.

Mimi hapa nashinda nikikata maua ya watu. Yanalishwa mbolea kwa mpira wa maji kila asubuhi, yanashiba kuliko mtoto wangu. Nilivumilia kwa sababu nilijua shamba likishika nguvu nitarudi nyumbani. Niko na uchungu, sitakuficha.

Msalimie mama. Mwambie asimwage majivu ya jikoni, aanze rundo lingine pale pale nyuma ya boma. Mutheu amsaidie kuokota mavi ya mbuzi akitoka shule.

Krismasi nitakuja. Nikipata shamba bado ni letu, nitashika jembe tuanze upya, na sitakukumbusha. Nikipata vigingi vya mnunuzi vimepigwa humo, nitamchukua Mutheu, na hiyo redio ikupikie.

Ni mimi,
Mama Mutheu