Barua ya Mama Yako Niliyoiandika Mimi

Nyamitaba

Mtoto wangu Bénédicte,

Kuna jambo nimekuficha tangu utoto wako. Miguu imenikataa, ila nina furaha: mjukuu wangu Annonciata ananisomea kitabu chako uani, na majirani wanasimama kusikiliza. Mmoja alicheka: "Papa Mwalimu, huyu mutoto anasema yote!"

Umeandika kwamba mama yako alipigwa na papa yako miaka tisa akanyamaza. Sahihisha hapo. Hakujua kuandika, akaja kwangu nimwandikie barua kwa baba yake kule Walikale. "Andika: ananipiga, mukuje kunichukua." Nilitaka kumlinda mdogo wangu, papa yako. Nilimsomea mama yako maneno yake yote, lakini kwenye karatasi nilikuwa nimeandika: "Tuko salama."

Papa yako mkubwa,
Gustave