Kengele za Mpira Wetu

Jumatatu, 8 Septemba

Mazoezi ukumbi wa parokia baada ya vipindi. Bila mpira tena. Tumebingirisha dumu la lita tano lenye vizibo vya soda ndani. Linalia, ndiyo, ila linakwenda upande linaotaka lenyewe. Limemchubua Butoyi kiwiko. Butoyi hakusema kitu, analima mihogo, amezoea kuumia. Mimi nimesema kwa niaba yake njia nzima mpaka nyumbani.

Mpira uko kwa Afisa Michezo tangu wiki iliyopita. Aliuchukua stoo ya shule, bila kuniuliza, ili "auandae". Kuuandaa vipi? Mpira wa wasioona hauandaliwi. Una kengele ndani na matundu ya kutolea sauti, basi. Anabingirisha wa timu ile, sisi watatu, Butoyi, Leokadia na mimi, tunausikia ukija, tunajilaza chini kuuzuia. Nimemweleza mara tatu. Mara ya tatu aliniambia, "Safi sana Madam," kwa sauti ya mtu anayesoma simu.

Jumamosi tunacheza Kasulu, kwenye tamasha la michezo. Kasulu wana timu, hawana mpira. Mpira ni wetu huu mmoja. Usipofika, hakuna mchezo.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda ofisini kwake. Hayupo. Nimekaa kwenye benchi mpaka nikasikia wafagiaji. Kaja, ananukia marashi, kaniambia mpira uko kwa fundi. Fundi gani? Hakumbuki jina. Yule wa sokoni. Eti uligundulika umelegea na unavuja.

Umelegea!

Halafu kaniambia nisihofu, maana ana mpango mbadala. Mpira ukikosekana, mchezo unafutwa kwenye ratiba, mwaka huu na mwaka kesho, na sisi watatu tutaingia kwaya ya ufunguzi. Sare zimeshashonwa. Vitenge vya njano, kasema, kama vile rangi itanisaidia.

Nimetoka bila kuaga. Mama yangu Singida angenichapa kwa hilo. Lakini sherehe gani ya nchi hii ambayo sijaambiwa niimbe? Mgeni rasmi akija, wasioona waimbe. Choo kikizinduliwa, wasioona waimbe. Mimi sijui kuimba. Nina sauti ya kuku aliyekanyagwa. Butoyi ndiyo kabisa. Leokadia peke yake anaweza, na hapendi.

Naandika haya kwa nukta nundu, natoboa karatasi kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Mwenye nyumba akipapasa hataambulia kitu. Hiyo ndiyo raha pekee ya leo.

Jumatano, 10 Septemba

Leo nimesikia mpira wangu ukitembea barabarani.

Nilikuwa njia ya sokoni, karibu na wauza dagaa, fimbo yangu mkononi. Nikasikia kengele. Zile zile. Mimi nimejilaza mbele ya sauti hiyo mwaka mzima, imenigonga mbavu, imenigonga kidevu, siwezi kuikosea. Inakuja taratibu, inasimama, inatafuna. Nikaifuata. Nikanyoosha mkono nikashika manyoya.

Mbuzi. Kengele za mpira wetu shingoni mwa mbuzi!

Nimemng'ang'ania mbuzi yule mpaka mwenyewe alipokuja. Watoto wamecheka sana. Wacheke. Mwenyewe ni Baba Spesioza, fundi viatu, mzee aliyeingia na wazazi wake kutoka Burundi akiwa mgongoni, siku hizi raia. Kanikaribisha kwa furaha. Kaniambia, "Mwarimu, mpira wako nimeukarabati vizuri. Urikuwa na matundu manane yote!"

Kaupasua. Katoa kengele, maana alidhani ni vyuma vilivyoingia kwa bahati mbaya. Kaziba matundu yote kwa viraka. Katia kibofu cha mpira wa miguu, kashona, kajaza upepo. Kaniwekea mikononi. Mgumu, mviringo, mzuri. Nimeutikisa. Kimya. Nimeutikisa tena karibu na sikio kama mjinga.

Nimemtukana. Mbele za watu. Nimemwambia mambo ambayo sitayarudia hata hapa. Watu husema tenda wema nenda zako. Huyu katenda wema, kisha kengele akampa mbuzi, maana anapotea potea.

Nilipomaliza aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kengele hizo ni za kazi gani. Nikamweleza. Kisha, "Mbabarira, unisamehe, Mwarimu. Sikuambiwa." Aliyemletea alisema mpira unavuja, zibeni.

Alikuwa Afisa, bila shaka. Hasira yangu yote nimeimwaga kwa mtu asiye sahihi na sina nyingine ya akiba. Si kweli. Ninayo.

Alhamisi, 11 Septemba

Asubuhi kwa Afisa. Nimesema yote. Kasema, "Lakini Madam, mpira wenye matundu kweli mtu asiuzibe?" Kuna maswali yanayomfanya mtu atamani kuwa mbuzi.

Jioni kwa fundi. Ameshafumua. Kengele mbili zimetoka shingoni mwa mbuzi, nyingine zilikuwa kwenye kopo la misumari, moja wajukuu walikuwa wanaichezea. Kanishikisha kila moja. Viraka amevibandua. Tatizo ni gundi. Mpasuko wa mpira unataka gundi ya tairi, na gundi inataka kukaa usiku na mchana, la sivyo mpira utafunguka kwa kishindo cha kwanza. Gari la Afisa linaondoka kesho asubuhi. Haliwezi kusubiri, nimeshauliza, nimeshaomba, na kuomba sipendi.

Fundi kasema atauleta mwenyewe. Jumamosi, basi la kwanza. Nauli atatoa yeye, hataki kusikia habari ya nauli.

Simwamini. Nimemwambia hivyo hivyo. Kasema, "Ego, ndiyo, nimesikia," akaendelea kushona.

Leokadia kaniambia niache kununa, hasira hasara. Hasara ninayo tayari. Acha na hasira niwe nayo.

Ijumaa, 12 Septemba. Kasulu, bwenini.

Safari. Timu ya mpira wa miguu wamekaa mbele. Spika zimepewa kiti. Sare za kwaya zimepewa kiti, zimefunikwa nailoni zisiingie vumbi. Begi letu lenye vitambaa vya macho, pedi za magoti tulizoshona kwa sponji ya godoro na kamba ya kubandika mistari sakafuni, hilo kondakta alilitupa juu ya keria bila kulifunga. Nikamwambia alishushe. Akasema mama tulia. Butoyi akapanda mwenyewe, kwa kupapasa, gari likiwa linaunguruma, akalishusha. Kila mtu akapiga kelele ataanguka. Hakuanguka. Tumelikalia zamu kwa zamu mpaka Kasulu.

Afisa njiani kaja kutufundisha maneno ya wimbo. Nimejifanya nimelala. Butoyi amekoroma kabisa, na hakuwa amelala.

Kwenye kizuizi cha uhamiaji askari wametusimamisha, wamechungulia, wakaturuhusu. Gari la serikali.

Baridi hapa. Godoro lina shimo katikati. Sisali sana siku hizi lakini leo nimesali kuhusu gundi.

Jumamosi, 13 Septemba. Asubuhi.

Ukumbi ni mzuri. Sakafu laini ya saruji. Tumebandika mistari na wenzetu wa Kasulu, wasichana wazuri, nahodha wao anaitwa Edita, ana mkono mgumu kama wa seremala. Kauliza mpira uko wapi. Nimesema uko njiani. Kauliza nani anauleta. Nimesema fundi viatu. Hakuuliza tena.

Basi la kwanza limeingia. Leokadia, anayeona mwanga kidogo na sura za watu kama vivuli, alikwenda stendi na kijana wa shule. Fundi hakushuka.

Nilijua! Nilijua, na kujua hakujanisaidia.

Afisa kaja na vitenge. Kaniwekea kimoja begani, kanipapasa kidogo kama unavyompapasa ng'ombe anayegoma. Nimekitoa nikakitupa chini. Nimemwambia sitaimba. Leo, kesho, hata siku ya kuzikwa kwangu sitaimba. Kasema ninaiaibisha wilaya. Nimesema wilaya imejiaibisha yenyewe kwa fundi. Edita alikuwa karibu, alicheka kwa pua.

Jumamosi, usiku. Ndani ya gari, tunarudi.

Naandika kwenye goti, nukta zitakuwa zimepinda. Nataka kuandika kabla sijasahau mpangilio.

Walikuwa wanataka kutangaza kwamba mchezo umefutwa. Spika ilishakohoa. Akaingia mtu anauliza kwa sauti ya stendi, "Nani mwalimu wa mpira wa kengele hapa?" Kondakta wa basi la kwanza. Alikuwa anazunguka mji mzima na mfuko wa sulfeti, kaenda shule mbili, zote siyo. Nikapokea. Nikatikisa.

Unalia. Umelia kama zamani, labda mzito kidogo.

Nikauliza mwenye mpira yuko wapi. Kashushwa kizuizini. Walimsikia anavyoongea, wakamwomba kitambulisho, akasema ameacha kwenye sanduku nyumbani, kitambulisho na cheti cha uraia vyote. Alikuwa na haraka ya kuwahi basi. Wakasema ashuke. Alimpa kondakta mfuko dirishani, akamwambia mpe mwalimu asiyeona mwenye hasira.

Hapo sijui nilikasirika kwa nani. Kwa kizuizi. Kwa mzee kusahau karatasi. Kwangu, kidogo. Mimi niliyepita jana bila hata kuulizwa jina, kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na vitenge vya njano.

Nimemwambia Afisa apige simu. Kasema baada ya mchezo. Nimesema sifungi kitambaa cha macho mpaka apige, na hakuna mchezo, na mgeni rasmi ataelezwa sababu na mimi mwenyewe kwa sauti yangu ya kuku. Kapiga. Kwa mara ya kwanza nimemsikia akiongea kama mtu mwenye cheo. Kasema huyo mzee ni fundi wa timu ya wilaya. Wakamjibu kwamba aletewe cheti ndipo aende, hawana ugomvi naye. Kampigia Spesioza, binti wa mzee, naye kasema anapanda bodaboda sasa hivi. Nikafunga kitambaa.

Kabla ya kuanza, mwamuzi kawaambia watu kwamba mchezo huu hauna kelele. Anayeshangilia mpira ukiwa unakwenda anawaharibia wachezaji. Mkae kimya.

Wakakaa kimya.

Sijawahi kukutana na hiyo. Ukumbi umejaa, wanafunzi, wafanyakazi, akina mama na watoto mgongoni, na hakuna anayesema kitu. Mtoto mmoja alianza kulia, akatolewa nje. Nilisikia Butoyi akipumua kulia kwangu na Leokadia kushoto. Nilisikia Edita akipiga hatua tatu. Halafu kengele, mbali, zikija.

Tumefungwa sita kwa nne. Mabao mawili yalipita kwangu, nililala upande usio wenyewe. Edita kanipiga mbavu, hata sasa nikikohoa namkumbuka. Magoli yetu mawili ni ya Butoyi, mawili ya Leokadia. Mimi bure kabisa. Gundi imeshika.

Afisa kasema mwaka kesho tupo kwenye ratiba, mgeni rasmi amependa. Kasema pia kwamba yeye ndiye aliyepigania. Sawa.

Tulipita kizuizi giza limeingia. Nimemwomba dereva asimame niulize. Mzee ameshaondoka jioni, binti alikuja na cheti, wamepata lifti ya lori la ndizi. Wakati anasubiri, kasema askari wa zamu, aliwashonea kiatu kimoja.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani. Mpira niko nao kwenye mfuko, mapajani. Stoo siurudishi tena, Afisa aje anidai.

Katikati ya misa mtu kajibana pembeni yangu kwenye benchi. Harufu ya gundi na ngozi. Hakunisalimia, wala mimi. Nimefungua mfuko nikamwekea mpira mikononi.

Matangazo. Katekista kasoma ndoa, kasoma mchango wa mabati, kisha akasema timu yetu ya wasioona imerudi salama kutoka Kasulu, tunawaomba wapite mbele watuimbie wimbo mmoja.

Sikusimama. Nyuma yangu Leokadia hakusimama. Butoyi yuko upande wa pili, sikusikia benchi lake likisogea. Katekista alingoja. Watu walingoja. Mzee alikuwa anaugeuza mpira polepole, anafuata mshono kwa kidole gumba, na kengele zilikuwa zinalia kidogo kidogo kanisa zima.

"Nyuzi zimeshika," kaniambia.

Nimesema ndiyo. Katekista kaendelea na tangazo la mabati, alikuwa amesahau kusema ni ya paa gani.