Droni Iliyosoma kwa Macho Yangu

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Droni imefika Kilindoni. Inapaa yenyewe, inatafuta papa potwe yenyewe, inarudi yenyewe. Na imefundishwa na nani? Na mimi! Msimu uliopita nilikaa wiki sita na Taufiki wa mradi wa potwe, kwenye kompyuta yake, nikichora visanduku juu ya picha — huyu potwe, hiki kivuli cha wingu, ule mwani. Leo kaniambia mbele za watu, Mzee Mfaume ndiye mwalimu wake. Nimevimba kichwa mpaka nyumbani.

Jumanne, 11 Novemba
Mwanafunzi zuzu. Imeonyesha potwe wawili pasipo kitu. Nimesimama omoni, mbele kabisa ya mashua, mahali pangu pa kutazamia miaka ishirini na tisa, nikatazama — kivuli tu. Nahodha Mansuri kageuza mashua kwa neno langu. Wageni waliokuja kuogelea na potwe wamerudi wakavu. Nimemcheka Taufiki. Hakucheka.

Jumatano, 19 Novemba
Tena. Mara tatu imesema yupo, mara tatu nimesema hayupo.

Mke wangu Somoe kaniuliza kwa nini napapasa kutafuta chumvi iliyo mbele yangu. Nimemkaripia. Kosa lake nini, maskini?

Alhamisi, 20 Novemba
Daftari silidanganyi. Tangu Ramadhani kila kitu kina ukungu. Nilisema ni jua. Nikasema ni maji ya mwaka huu.

Jumamosi, 22 Novemba
Taufiki kaniita faragha, kazikuza picha za tarehe kumi na moja. Potwe wawili. Yale madoa meupe ya mgongoni, nilipoinamia kioo cha kompyuta nikayaona hata mimi. Akasema labda jua lilikuwa kali, mzee wangu. Bora angenitukana.

Droni haikukosea hata mara moja. Visanduku vyangu vimo mle. Macho yangu mazima yamo mle, nimebakiwa na haya.

Najionea aibu. Nimekata tamaa kabisa. Mansuri hajui. Nikishuka omoni nitakuwa nani? Wa kukaa barazani na kuulizwa hali.

Jumatatu, 24 Novemba
Naandika humu mashuani. Wageni sita, wamekwisha vaa miwani ya kuzamia. Droni imesimama upande wa Ras Kisimani, inasema yupo. Mansuri kazima mashine. Hakitazami kioo cha Taufiki, ananitazama mimi.

— Mzee, tuifuate au tuiache?

Taufiki anaangalia miguu yake. Kaniachia nimwambie Mansuri mimi mwenyewe.

Mbele yangu weupe mtupu. Nikisema tuiache, nimewadhulumu wageni tena. Nikisema tuifuate, ataniuliza, umemwona? Hajawahi kwenda popote nisiponyoosha kidole.

Nimemwambia asubiri, naandika saa. Saa yenyewe siioni.

Ameuliza tena, sasa kwa upole. Miaka yote hii Mansuri hajawahi kuniuliza kitu kwa upole. Basi amejua.